Ampu ya Gari Inazima? Pima Waya Kabla Hujanunua Nyingine

Ampu yangu ya kwanza, yaani kile kikuza sauti cha muziki wa gari, niliiuza kwa bei ya skrepa ikiwa nzima. Ilikuwa kwenye buti la Toyota IST, inaendesha sabufa (spika ya besi) moja ya inchi 12. Besi ikipiga kwa nguvu inazima, taa inageuka nyekundu, baada ya sekunde chache inarudi, wimbo ukifika tena kwenye mdundo inazima tena. Fundi mmoja Kariakoo aliichungulia bila hata kushika mita, akasema, "Hii imeshakufa bosi, tafuta nyingine." Nikatafuta nyingine. Usiku wa siku hiyohiyo, nikiwa kwenye foleni ya Buguruni, ile mpya nayo ikafanya yaleyale. Kilichokuwa kinanisumbua ni bolti moja ya waya wa hasi, iliyokazwa juu ya rangi.

Tangu hapo sikubali ampu iitwe mbovu kabla nyaya zake hazijapimwa, tena zipimwe muziki ukipiga. Waya uliokaa bila kazi unaweza kukuonyesha volti 12 safi kabisa, ukipewa kazi unaanguka. Mbeba mizigo wa Kariakoo humjui nguvu kwa kumtazama, mpaka umtwishe gunia.

Maelezo haya ni ya mwenye gari anayetaka kujitafutia tatizo mwenyewe, uwani kwake, Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka hatua ya betri ukakimbilia spika, utazunguka siku nzima.

Vifaa

Cha lazima ni maltimita ya kidijitali. Ile ya bei ya chini inayouzwa Kariakoo inatosha kwa karibu kila kipimo humu. Ongeza bisibisi, spana namba 10, msasa, tepu ya umeme, kipande kifupi cha waya uliochubuliwa ncha zote mbili, na betri moja ndogo ya saa ya ukutani. Halafu tafuta waya mwembamba wa mita 6 hivi, wowote ule, hata wa spika. Huo ndio utakaoleta betri mpaka kwenye buti, na ndio watu wengi hawana.

Kabla ya kugusa chochote

Kwanza jua gari lako ni la volti ngapi. IST, Noah, Hiace, hata bajaji, ni volti 12. Coaster nyingi za dizeli na malori mengi ni volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Niliwahi kuitwa Mbagala kuangalia Coaster ambayo konda wake alilalamika kuwa betri hazidumu. Nikakuta ampu ya volti 12 imeungwa kwenye betri moja kati ya zile mbili. Muziki unapiga, abiria wanafurahi, lakini betri moja inanyonywa kila siku na mwenzake anajazwa kupita kiasi, mwishowe zinakufa zote. Gari la volti 24 linataka kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 kwenda 12, chenye uwezo wa kubeba ampea za ampu yako. Ukiunga ampu ya volti 12 moja kwa moja kwenye 24, itaungua, na hutahitaji hatua zilizobaki.

Pili, namna ya kukata umeme. Ukishika waya mkubwa wa ampu ukiwa na moto, spana ikigusa bodi utaona cheche ambazo hutazisahau. Kwa kazi nyingi za ampu inatosha kuchomoa ile fyuzi kubwa iliyo karibu na betri. Napendelea hivyo kuliko kufungua betri, kwa sababu baadhi ya redio zinazokuja na magari ya Japani zikikatiwa umeme zinajifunga na kudai namba ya siri au diski ya ramani, nawe huna hata moja. Ikikubidi ufungue betri yenyewe, anza na hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho.

Kama hakuna fyuzi yoyote kati ya betri na ampu, simama hapohapo. Usiendelee kupima wala kupiga muziki mpaka umeiweka, isizidi nusu mita kutoka kwenye betri. Fyuzi zilizoko kwenye ampu zinailinda ampu tu. Waya ule mrefu unaopita chini ya zulia hauna wa kuulinda, na siku ukichubuka ukagusa bodi, betri itamwaga umeme wake wote hapo na gari litaungua.

Hatua ya 1: Betri na altaneta

Weka mita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe kwanza, maana vipimo vyote vya mbele vitakudanganya.

Washa injini. Sasa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12.4 injini ikinguruma, altaneta, ile jenereta ya gari, haichaji betri, na hiyo ni safari ya kwa fundi umeme, ampu haihusiki.

Hapohapo tazama vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota pale unazuia umeme mkubwa kupita. Umwagie maji ya moto, usugue, ukaushe, kaza. Kichwa kisichezecheze ukikizungusha kwa mkono.

Hatua ya 2: Skrubu tatu za ampu

Nenda kwenye ampu. Ina sehemu tatu za umeme: B+ au 12V ni chanya, GND ni hasi, REM, au rimoti, ni waya mwembamba unaotoka kwenye redio kuiambia ampu iwake. Washa redio, rudisha fyuzi, pima.

Ncha nyeusi kwenye GND, nyekundu kwenye B+. Inatakiwa isome karibu sawa na betri. Ikisoma sifuri, acha nyekundu palepale, nyeusi ihamishie kwenye chuma kitupu cha bodi. Volti 12 zikitokea, ujue hasi ya ampu imekatika. Bado sifuri? Chanya haifiki, rudi kwenye fyuzi ya mbele.

Fyuzi usiipime kwa macho. Zile za kioo hasa, uzi unaonekana upo kumbe umeachia kwenye kofia. Ichomoe, weka mita kwenye alama ya mlio, gusa pande zote mbili. Ikilia ni nzima. Kipimo hiki kifanye pia kwa fyuzi ndogo zilizochomekwa kwenye ampu yenyewe.

Halafu ncha nyekundu kwenye REM, nyeusi kwenye GND. Redio ikiwa imewaka isome 12 au zaidi, ikizimwa irudi sifuri.

Hatua ya 3: Waya wa rimoti

Kama B+ na GND ziko sawa na ampu haiwaki, chukua kile kipande kifupi cha waya, unganisha B+ na REM kwa sekunde mbili tatu. Angalia kisiguse GND wala bodi ya ampu. Ampu ikiwaka, ampu ni nzima, shida iko kwenye waya wa rimoti.

Kwenye redio za kununua dukani, rimoti ya ampu ni waya wa bluu wenye mstari mweupe. Bluu tupu ni ya antena. Njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi ya ufunguo, nyeusi ni hasi. Kuna makosa mawili ambayo nayaona sana mjini.

La kwanza ni rimoti kuungwa kwenye njano. Ampu haizimi usiku kucha, asubuhi gari haliwaki, na mwenye gari anabadilisha betri mara mbili kwa mwaka akidhani ananunua feki. Kulijua ni rahisi: zima gari, toa ufunguo, kaangalie kama taa ya ampu bado inawaka.

La pili ni rimoti kuungwa kwenye bluu tupu. Kwenye redio nyingine waya huo unakuwa na umeme pale tu unaposikiliza stesheni. Ukihamia Bluetooth au flashi, umeme unakatika na ampu inazima. Ukisikia mtu anasema "ampu yangu inapiga redio tu, nyimbo za simu haitaki," tatizo lake ni hilo.

Redio ya asili ya gari la Japani mara nyingi haina waya wa rimoti wala matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye ampu. Hapo unachukua umeme unaowaka na ufunguo kutoka boksi la fyuzi, ukiwa na fyuzi yake ndogo ya ampea 1 au 2, na sauti unaichukua kwenye nyaya za spika kupitia kigeuzi cha kushusha sauti. Usiunge nyaya za spika za redio moja kwa moja kwenye RCA, hata kama kuna aliyekuambia inapiga.

Hatua ya 4: Hasi, chanzo cha shida nyingi

Nikiambiwa nitoe dau kabla ya kufungua buti, nitaweka kwenye hasi. Chanya watu wanainunua kwa heshima, nene, nyekundu, inang'aa. Hasi inafungwa mwishoni, fundi kachoka, kwenye bolti yoyote iliyo jirani.

Kosa la kawaida ni kuipima kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Mita inaonyesha 0.3, fundi anasema iko safi. Sasa gusanisha ncha mbili za mita hiyohiyo zenyewe kwa zenyewe: itaonyesha 0.3 pia. Nyaya za mita ndizo ulizopima. Wakati huohuo, omu 0.05 tu kwenye ampu inayovuta ampea 40 inakula volti 2, na mita ya kawaida haina uwezo wa kuiona 0.05.

Kwa hiyo tunapima volti zinazopotea njiani. Chukua ule waya wa mita 6. Upande mmoja ufunge kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe, si kile kichwa kinachoibana. Upitishe dirishani mpaka kwenye buti, mbali na feni ya injini, ukutane na ncha nyeusi ya mita. Ncha nyekundu igusishe kwenye skrubu ya GND ya ampu. Washa injini, weka wimbo wenye besi ndefu, sauti ile unayoitumia siku zote. Besi fupi fupi mita haiwahi kuzisoma.

Namba unayoiona ni volti zilizopotea kati ya ampu na betri kwa upande wa hasi. Chini ya 0.2 huna neno. Ikigonga 0.5 kuna kazi ya kufanya. Kwenye IST yangu, siku nilipokopa mita kwa jirani, ilikuwa inaruka 0.4, 1.8, 3.3, kila mdundo na namba yake. Betri ilikuwa inatoa 13, ampu inaambulia chini ya 10, na ampu nyingi volti zikishuka kuelekea 10 zinajizima zenyewe ili zisiungue. Ile taa nyekundu ilikuwa inafanya kazi yake. Nilichukua kisu nikakwangua rangi chini ya bolti, nikakaza upya. Namba ikashuka mpaka 0.1. Nilikaa kwenye ukingo wa buti nikiifikiria ampu niliyoiuza.

Hasi nzuri inafungwa hivi. Chagua chuma kinene cha bodi karibu na ampu, waya usizidi nusu mita, na unene wake uwe sawa na wa chanya. Kabla ya kutoboa, ingia uvunguni uangalie kuna nini upande wa pili, maana tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapita huko. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae kama sufuria mpya, si mpaka rangi ififie tu. Kichwa cha waya kilale moja kwa moja juu ya chuma, kipete cha washa juu yake, ndipo nati. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu ya kiungo chote kuzuia kutu. Kwa wanaolaza magari Kigamboni au Mbezi Beach, karibu na upepo wa bahari, hatua hii ya mwisho si ya kuruka. Gari ambalo limewahi kupita kwenye maji ya mafuriko ya Jangwani, kikague kiungo hicho hata kama hakina shida.

Bolti za mkanda wa usalama usizitumie. Mara nyingi zimepakwa dawa isiyopitisha umeme vizuri, tena kuzifungua na kuzifunga ovyo ni kucheza na uhai wa abiria wa nyuma.

Hatua ya 5: Chanya

Kipimo ni kilekile, safari hii waya mrefu unaanzia nguzo ya chanya ya betri. Huo waya sasa una moto wa betri usio na fyuzi, kwa hiyo ncha yake ifunge tepu na uishike kwa uangalifu. Upande wa pili gusa B+ ya ampu, piga muziki, soma. Chini ya 0.5 ni sawa.

Ikizidi, gawanya njia. Pima pande mbili za boksi la fyuzi muziki ukipiga. Maboksi ya bei rahisi ya fyuzi za kioo yanalegea na kupata moto, na plastiki yake utaikuta imeanza kuwa ya kahawia. Hapo peke yake inaweza kupotea volti nzima.

Boksi likiwa safi, waya wenyewe ni mdogo au ni feki. Hesabu yake iko hivi: ampu ya wati 500 za kweli, ya daraja D, ambayo ufanisi wake ni kama asilimia 80, inavuta wati 625. Gawa kwa volti 13.8, unapata ampea 45. Kwa umbali wa mita 5 kutoka boneti hadi buti, waya wa shaba wa geji 4, wenye milimita za mraba 21 hivi, utapoteza kama volti 0.2. Geji 8 inafaa kwa ampu ndogo isiyozidi ampea 40. Namba kubwa zilizoandikwa juu ya boksi la ampu, wati 3000 na kuendelea, ziache zilivyo. Jumlisha fyuzi zilizochomekwa kwenye ampu, hizo ndizo zinazosema ukweli.

Halafu kuna waya ulioandikwa geji 4 ambao nusu ya unene wake ni plastiki, na ndani si shaba bali ni alumini iliyovikwa ngozi ya shaba. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini. Hautaungua kwa sababu hiyo tu, lakini unapitisha umeme kidogo kuliko shaba, hivyo panda saizi moja juu. Dukani omba kuukwangua kabla hujalipa. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje.

Hatua ya 6: Taa nyekundu haizimi

Volti ziko sawa, hasi iko sawa, bado ampu ina taa nyekundu au imeandika PROTECT. Zima redio, chomoa nyaya zote za spika kwenye ampu, washa tena. Nyekundu ikiondoka, tatizo liko kwenye spika au nyaya zake. Isipoondoka, chomoa na RCA. Ikikataa mpaka hapo, ikiwa imebaki na nyaya tatu tu za umeme, sasa ndiyo unaweza kusema ampu ina ugonjwa wa ndani. Ni hivyohivyo kwa ampu inayokata fyuzi papo hapo inapochomekwa bila spika. Usiiongezee fyuzi kubwa, na usije ukaweka karatasi ya sigara badala ya fyuzi.

Kama ni spika, pima mambo mawili nyaya zikiwa zimechomolewa. La kwanza, mita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa spika, nyingine kwenye bodi ya gari. Isilie kabisa. Ikilia, waya umechubuka na unagusa chuma, na sehemu za kutazama ni chini ya reli za siti na kwenye mkunjo wa mlango.

La pili ni omu za koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Sabufa ya omu 4 inasoma kama 3.2 hadi 3.7, ya omu 2 inasoma kama 1.6 hadi 1.9. Toa kwanza ile 0.3 ya nyaya za mita. Ikisoma karibu sifuri, koili imeshika shoti. Ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto wa kioo, au alama ya kutokuwa na mwisho, koili imekatika.

Uungaji ndiyo mtego hapa. Sabufa yenye koili mbili za omu 4, ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, unapata omu 2. Ukiziunga mfululizo unapata 8. Ampu nyingi za chaneli mbili au nne, ukiziunga chaneli mbili kuwa moja, zinaruhusu omu 4, si chini ya hapo. Ukiitwika 2 itapiga vizuri wimbo wa kwanza, wa pili itachemka, wa tatu itazima. Soma kilichoandikwa kando ya matundu ya spika.

Ampu inayozima baada ya nusu saa na kurudi ikipoa, ikiguswa inachoma, inaweza kuwa na omu chache mno, au imefungiwa chini ya zulia la buti. Joto la Dar la Januari, gari limeshinda juani, ampu imefunikwa, itapumua wapi?

Hatua ya 7: Taa nzuri, sauti hakuna

Chomoa RCA kwenye ampu, zile zenye vichwa vyekundu na vyeupe kama za deki ya zamani. Shusha geini, kile kirekebishi cha hatua ya 9, mpaka chini. Chukua simu yenye tundu la hedifoni na waya wa kutoka hedifoni kwenda RCA, chomeka kwenye ampu, pandisha sauti pole pole. Ikipiga, ampu na spika ni nzima, rudi kwenye redio na RCA. Isipopiga, kabla hujakata tamaa, angalia swichi ya LPF, inayopitisha besi tu, na HPF, inayokata besi. Spika za mlango zikiwekwa kwenye LPF zinatoa mvumo tu, na sabufa ikiwekwa HPF inakaa kama imekufa.

Sauti ipo lakini besi nyembamba, na una sabufa mbili? Huenda moja imeungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye ampu, gusisha betri ya saa kwenye waya wa kila sabufa, chanya kwa chanya. Koni zote mbili ziruke kwenda nje. Iliyozama ndani ndiyo ya kugeuza.

Hatua ya 8: Mlio unaopanda na mafuta

Ukikanyaga mafuta spika zinalia kama mbu, ukiachia mbu anashuka. Huo ni umeme wa altaneta umeingia kwenye njia ya sauti. Rudia kwanza hatua ya 4. Kisha hakikisha waya mkubwa wa chanya unapita upande mmoja wa gari na RCA upande mwingine. Wengi wanavifunga pamoja kwa tepu ili kupendezesha.

Bado? Chomoa RCA kwenye ampu. Mlio ukiisha, unatoka huko mbele. Pima mlio wa mita kati ya kiganda cha nje cha tundu la RCA la redio na bodi ya redio yenyewe. Isipolia, njia ndogo ya hasi ndani ya redio imeungua. Inaungua mtu akichomeka RCA ampu ikiwa imewaka, au hasi ya ampu ikiwa imekatika, maana umeme wa ampu hukimbilia kurudi betri kupitia kiganda kile chembamba cha RCA. Nimewahi kushika RCA iliyolainika kama mshumaa kwa sababu hiyo. Fundi wa redio anaweza kuirudisha njia hiyo, lakini hasi ya ampu itengenezwe kwanza, la sivyo itaungua tena.

Hatua ya 9: Geini

Geini si sauti. Ni ya kuoanisha redio na ampu, na ikizidishwa inaua sabufa hata kwenye ampu ndogo. Chomoa spika, zima mapambo yote ya sauti kwenye redio, weka redio robo tatu ya sauti yake, cheza faili la mlio mmoja wa hertz 50 kutoka kwenye flashi. Mita iwe volti za AC, kwenye matundu ya spika ya ampu. Lengo lako ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 300 kwa omu 4 ni kipeuo cha pili cha 1200, yaani volti 34.6. Wati 500 kwa omu 2 ni 31.6. Pandisha geini taratibu, ukifika hapo acha, zima, rudisha spika.

Mwisho, endesha. Dakika 20 za muziki, kutoka Tabata mpaka Mwenge zinatosha kabisa na foleni yake. Ukifika zima gari, shika boksi la fyuzi kwa mkono, shika vichwa vya betri, shika bolti ya hasi kwenye buti. Vikiwa vuguvugu, sawa. Kimoja kikikuchoma vidole, toa fyuzi, kifungue hichohicho, ukikwangue, ukikaze upya, kisha chukua ule waya wa mita 6 upime tena.